Saa Ishirini kwa Wiki

Sherehe ya kumuaga binamu yangu ilifanyika kwa shosho, Nyahururu, Desemba 2022. Mbuzi wawili, tenti moja ya kukodi, na daftari la michango lililozunguka mkono kwa mkono hadi likarudi limejaa majina. Anko alishika maikrofoni iliyokuwa ikipiga mbinja kila akiisogeza karibu na spika, akasema maneno ambayo nina hakika hata wewe umeyasikia kwenye sherehe kama hiyo: "Mtoto akifika majuu atasoma huku akifanya kazi. Hiyo karo itajilipa yenyewe."

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wengi, kwa sababu maneno yale yalinihusu. Miezi mitatu kabla ya hapo nilikuwa nimeacha chuo, mwaka wa tatu. Sikufukuzwa wala sikuchoka kusoma. Karo iliisha, na bila karo jina lako haliko kwenye orodha ya mtihani. Familia ilikaa chini, ikahesabu kilichopo, ikaona kinatosha mtu mmoja. Mpango ukawa rahisi: yeye atangulie Kanada kwa diploma ya miaka miwili, afanye kazi, na akishatulia anilipie mimi nimalize yangu. Mathe aliniambia hivyo jikoni, akichambua mchele, bila kuniangalia. Nilikubali. Hesabu ilikuwa inaingia akilini.

Kulikuwa na shimo moja tu katika hesabu hiyo, na hakuna aliyeliona. Tulidhani kufanya kazi ugenini ni suala la bidii: ukiwa mvivu utalala njaa, ukijituma utaomoka. Kumbe kuna kanuni inayosema mwanafunzi wa kigeni afanye kazi saa ngapi kwa wiki, wapi, kuanzia lini na mpaka lini. Shosho hakuulizwa wakati wa kuitunga. Binamu yangu naye hakuulizwa. Inabadilishwa kwa tangazo la waziri, na wewe unalisoma kwenye simu ukiwa ndani ya basi ukienda shifti.

Nimekuwa nikiisoma historia ya kanuni hizi, mwanzoni kwa hasira, baadaye kwa sababu ilininasa. Kwa karibu miaka 100 zimefunguliwa na kufungwa kama mfereji wa ploti. Na ukikaa ploti unajua: mfereji haufunguliwi kwa sababu una kiu. Unafunguliwa na mwenye nyumba, kwa ratiba yake.

*

Tuanze Marekani, kwa maana huko ndiko vijana wengi wa Kiafrika walikojifunza kujisomesha kwa mikono yao.

Mwaka 1924 nchi hiyo ilipitisha sheria kali ya uhamiaji iliyowekea watu wa mataifa mengi mgao. Wanafunzi waliachwa nje ya mgao. Mtu wa miaka 15 na zaidi angeweza kuingia, mradi amekuja kusoma na chuo chake kimeidhinishwa. Swali la atakula nini akishaingia liliachiwa maofisa. Kwa muda halikumsumbua mtu, kwani hata Wamarekani wenyewe walikuwa na mazoea ya kujilipia chuo kwa kuosha vyombo, kuhudumu mezani na kukata nyasi kwa watu. Mbiyu Koinange, aliyetoka Kiambu kwenda kusoma huko mwaka 1927, aliikuta nchi ya namna hiyo.

Kisha ukaja mdororo mkuu wa uchumi. Mwaka 1932, mamilioni ya Wamarekani wakiwa hawana ajira, Waziri wa Kazi William Doak alitoa amri ya kuwazuia wanafunzi wa kigeni kufanya kazi ili kujikimu. Wakati huo uhamiaji ulikuwa chini ya Wizara ya Kazi, na ukilifikiria jambo hilo unaelewa mengi. Aliyekuwa akiamua kama mwanafunzi atakula alikuwa mtu wa kuhesabu ajira. Masomo yake hayakuwa mezani pa waziri huyo.

Lakini amri ni kitu kimoja na maisha ni kingine. Mwaka 1935 Kwame Nkrumah alifika Chuo Kikuu cha Lincoln, Pennsylvania, mfukoni hana kitu cha maana. Alikaa Marekani miaka 10. Katika miaka hiyo aliuza samaki barabarani Harlem, akafanya kibarua kiwanda cha sabuni, akahudumu melini wakati wa likizo, na vita vilipopamba moto akafanya kazi kwenye karakana ya kuunda meli huku akisoma. Alirudi Gold Coast mwaka 1947 na miaka 10 baadaye akawa kiongozi wa Ghana huru. Hadithi ya namna hiyo ikienea, nani atauliza kuhusu kibali? Kilichobaki vichwani mwa Waafrika ni samaki, sabuni na shahada.

Baada ya vita upepo uligeuka. Mwaka 1947 kanuni za Marekani ziliruhusu mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi kama mafunzo ya vitendo, chuo chake kikipendekeza. Hiyo ndiyo mizizi ya ruhusa ambayo tangu 1992 inaitwa OPT. Sheria ya 1952 nayo ikaleta viza ambayo mpaka leo inaitwa F-1, pamoja na sharti ambalo kila anayeenda ubalozini Gigiri lazima alikabili: uwe na makao nje ya Marekani ambayo huna nia ya kuyaacha. Yaani unakaribishwa kwa masharti kwamba uwe tayari unafikiria kuondoka.

*

Hiyo ndiyo nchi waliyoiendea vijana wa Tom Mboya.

Unaijua hadithi ya airlift, hata kama ulikuwa ukisinzia darasa la historia. Mboya alizunguka Marekani mwaka 1959 akitafuta nafasi za vyuo na nauli. Yeye, Dkt. Julius Kiano na Kariuki Njiiri walikuwa wakihangaikia jambo moja: Uhuru unakuja, nani ataendesha ofisi? Serikali ya kikoloni haikupenda mpango huo na ilivibeza vyuo vya Marekani. Mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier walitia sahihi barua ya kuomba michango. Septemba 1959 ndege ya kwanza ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata, baada ya Mboya kukutana na Seneta John F. Kennedy mwezi Julai, wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000 za kuendeleza safari. Kufikia 1963, wanafunzi karibu 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamepitia mpango huo.

Kile ambacho hakizungumzwi sana ni kwamba ndege ilikuwa ya bure ila maisha hayakuwa ya bure. Nauli ililipwa na wafadhili, karo kwa wengi ililipwa na vyuo, lakini chumba, chakula, vitabu na koti la baridi vilihitaji pesa. Huku nyumbani watu waliuza mifugo na kuandaa karamu za chai ili kijana asifike mikono mitupu. Zile karamu za chai ni mama mzazi wa sherehe yetu ya Nyahururu. Na pesa za karamu zikiisha, unatafuta kazi. Hapo ndipo unapokutana na fomu.

Barack Obama, baba wa rais, alienda Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka huohuo wa 1959. Hakupanda ndege ya Mboya, ingawa baadaye alipata msaada kidogo kutoka kwa wafadhili haohao. Faili lake la uhamiaji liliwekwa wazi kwa umma mwaka 2011, na ukilisoma unaona maisha yake yakipimwa kwa mwaka mmoja mmoja. Kila mwaka ilibidi aombe upya kuendelea kukaa. Fomu aliyoijaza ilikuwa na kazi tatu katika karatasi moja: kuomba kuongezewa muda, kuomba kuhama chuo, na kuomba ruhusa ya kufanya kazi. Mtu mmoja, kalamu moja, ofisa mmoja. Kama ofisa ana shaka na jambo moja, yote matatu yanatetereka.

Mwaka 1964 ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa Harvard akisomea uzamivu wa uchumi, na mitihani alikuwa ameishapita. Kilichobaki ni tasnifu. Maofisa wa chuo na wa uhamiaji walikuwa wakijadiliana kumhusu, zaidi maisha yake binafsi kuliko alama zake. Ombi lake la kuongezewa muda likakataliwa. Julai mwaka huo akarudi Kenya bila ile shahada.

Sisemi alikuwa malaika. Waliomwandika wameeleza vizuri kwamba hakuwa. Ninachosema ni kwamba faili lile limenifunza kitu ambacho Anko hakukijua alipokuwa na maikrofoni. Ruhusa ya kazi ni sehemu ya ruhusa ya kuwepo. Ukivunja moja umevunja nyingine. Kijana wa Nairobi anayefanya kibarua cha mjengo mchana na kusoma usiku anaweza kufutwa kazi, lakini hawezi kufutwa nchi.

*

Wengi wa kizazi kile hawakupigana kubaki. Hiyo ni tofauti kubwa na sisi, na tusiifiche.

Wangari Maathai aliondoka mwaka 1960, akasomea biolojia katika chuo cha masista huko Atchison, Kansas, kisha akachukua shahada ya uzamili Pittsburgh. Januari 1966 alirudi Nairobi akiwa na barua mkononi inayosema amepewa kazi ya utafiti katika idara ya zoolojia ya chuo kikuu. Alipofika akaambiwa nafasi amepewa mtu mwingine. Barua ilikuwa halali, sahihi ilikuwepo, kazi haikuwepo. Alipata nafasi nyingine katika chuo hichohicho, kwenye anatomia ya mifugo, akapata uzamivu wake hapo mwaka 1971, na yaliyofuata unayajua.

Ninaipenda hadithi hiyo kwa sababu inavunja mambo mawili kwa mpigo. Inaonyesha kwamba sharti la kurudi nyumbani lilikuwa na mantiki wakati ule: nchi mpya ilikuwa na viti vitupu vilivyoachwa na wakoloni, na mtu mwenye shahada alihitajika kesho yake. Na inaonyesha kwamba hata wakati ule wa viti vitupu, ungeweza kurudi ukakuta kiti chako kimekaliwa.

Anko alizaliwa mwaka ambao ndege za mwisho zilikuwa zikiondoka. Alikua akiwaona watu hao wakirudi na tai, magari na nyumba za mawe. Maneno yake pale kwenye tenti yalitoka huko. Aliona matokeo. Fomu hakuziona.

Na fomu hazikukoma. Mwaka 1974, uchumi wa Marekani ukiyumba tena, wanafunzi wa kigeni walinyimwa kazi za likizo walizokuwa wakiruhusiwa na vyuo vyao. Leo mwenye F-1 anaruhusiwa saa 20 kwa wiki ndani ya chuo wakati wa muhula, na mwaka wa kwanza hawezi kutafuta kazi nje ya chuo. Akimaliza ana miezi 12 ya OPT. Akiwa wa sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati anaongezewa 24, nyongeza ambayo ilianza mwaka 2008 ikiwa miezi 17. Katika ile miezi 12 akikaa siku 90 bila kazi, amevunja masharti. Siku 90! Mimi nina mabeshte waliohitimu miaka minne iliyopita, bado wanatuma CV.

*

Wakati Marekani ikihesabu saa, Uingereza iligundua kitu kingine: mwanafunzi wa kigeni ni mteja.

Mpaka katikati ya miaka ya 1960, kijana wa Kenya aliyesoma Uingereza alilipa karo sawa na Mwingereza. Mwaka 1967 serikali ilianza kuwatoza wa kutoka nje zaidi. Mwaka 1980, chini ya Margaret Thatcher, ikaondoa ruzuku kabisa: mgeni alipe gharama yote. Tangu hapo vyuo vikaanza kuhitaji wageni kama duka linavyohitaji wateja. Ukiwa na duka, unatafuta kivutio cha kuweka dirishani.

Kivutio hicho kikawa kazi baada ya masomo. Mwaka 2008 Uingereza ilifungua viza ya miaka miwili kwa wahitimu wa kigeni, ukae, ufanye kazi yoyote. Aprili 2012, serikali iliyoahidi kupunguza wahamiaji ikaifunga. Julai 2021, baada ya Brexit, ikafungua tena njia ya miaka miwili, mitatu kwa mwenye uzamivu. Na sasa imeshatangazwa kwamba wanaoomba kuanzia Januari 2027 watapewa miezi 18, isipokuwa wa uzamivu. Fungua, funga, fungua, punguza. Katika miaka hiyo yote karo ya mgeni haikuwahi kurudi ilikokuwa.

Hapo ndipo unapoona mabadiliko ya kweli. Nkrumah na Maathai waliwekewa masharti, lakini hakuna aliyewauzia kazi. Kuanzia miaka ya 2000, ruhusa ya kazi ikawa ndani ya bei ya shahada. Ajenti aliye tao, ghorofa ya tatu, mwenye bango la bendera tano, hakuuzii mtaala. Anakuuzia miaka miwili au mitatu ya kuruhusiwa kufanya kazi. Unalipa leo kwa kanuni ya leo. Itakapofika zamu yako ya kuitumia, kanuni inaweza kuwa nyingine, na risiti yako haitaji tarehe.

*

Ndivyo tunavyofika Kanada, na kwa binamu yangu.

Huko, tangu Juni 2014, mwanafunzi wa kigeni wa kutwa anaweza kufanya kazi nje ya chuo bila kibali cha pekee, kwa kikomo ambacho mwanzoni kilikuwa saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Akimaliza, kuna kibali cha kazi cha wahitimu ambacho hutolewa mara moja tu maishani na kinaweza kufika miaka mitatu.

Oktoba 2022, Kanada ikiwa na upungufu mkubwa wa wafanyakazi baada ya korona, serikali ilitangaza kwamba kuanzia Novemba 15 mpaka mwisho wa 2023 kikomo cha saa 20 kinaondolewa. Ilisema wazi kwamba kulikuwa na wanafunzi zaidi ya 500,000 ambao wangeweza kuongeza saa. Lakini ilihusu tu waliokuwa tayari nchini au waliowasilisha ombi kufikia Oktoba 7. Binamu yangu aliwasilisha lake Septemba. Tuliona ni baraka. Shosho alisema ni maombi yake.

Alifika Ontario Januari 2023, akaangukia kazi ghalani, kupanga maboksi usiku. Alikuwa akifanya saa 38 kwa wiki na kwenda darasani macho mekundu. Mwanzoni alitupigia simu kila Jumapili. Baadaye akawa anatuma ujumbe wa sauti anaorekodi akitembea, unasikia theluji inavyolia chini ya viatu. Desemba 2023 alinitumia pesa: nusu ya deni langu la chuo. Nilikaa kwenye keja yangu nikaitazama ile meseji ya M-Pesa kwa dakika kadhaa. Mpango ulikuwa unafanya kazi.

Mwezi huohuo ruhusa iliongezwa mpaka Aprili 30, 2024. Haikuongezwa tena. Waziri alisema wanafunzi wanakuja Kanada kusoma, kazi isiwatoe darasani. Ukiangalia juu juu utakubaliana naye. Lakini mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo serikali hiyohiyo iliwaita wanafunzi haohao wakazibe pengo la wafanyakazi, na darasa lilikuwepo wakati huo pia. Kilichobadilika katikati ni kwamba nyumba zilikuwa hazitoshi, kodi zilikuwa zimepanda, na wapigakura walikuwa wamekasirika. Januari 2024 Kanada ikaweka kikomo cha vibali vya masomo, takriban 360,000 kwa mwaka huo, pungufu ya 2023 kwa asilimia 35. Mwezi huohuo kiasi cha pesa za matumizi ambacho mwombaji mpya lazima aonyeshe kilipanda kutoka dola 10,000 za huko mpaka 20,635.

Mei 1, 2024, binamu yangu akarudi kwenye saa 20. Mshahara wa chini Ontario wakati huo ulikuwa dola 16.55 kwa saa. Saa 38 zilikuwa dola 629 kwa wiki kabla ya makato. Saa 20 ni dola 331. Chumba chake, ambacho ni pembe ya chini ya nyumba wakigawana wanne, hakikupungua bei kwa sababu waziri ametangaza. Na alikuwa amebakisha mihula miwili ya karo.

Kuna jamaa alimwambia kuna mahali wanalipa kesh, hakuna makaratasi. Alinipigia saa tisa usiku, saa za huku, kuniuliza maoni. Mimi, ambaye deni langu lilikuwa limelipwa nusu. Nilimwambia asiende. Ukipita saa zako umevunja masharti ya kibali cha masomo; unaweza kupoteza hadhi ya uanafunzi, na kile kibali cha miaka mitatu kikaenda nacho. Aliniuliza, "Sasa nikule nini, cuzo?" Sikuwa na jibu. Wiki hiyo mamake alichukua mkopo wa chama. Mwezi wa Agosti wakauza kipande cha shamba karibu na barabara, kile chenye miparachichi. Pesa zilizotarajiwa kutoka Kanada kuja Nyahururu zikaanza kupanda kutoka Nyahururu kwenda Kanada.

Novemba 8, 2024, kikomo kikawekwa saa 24. Alikuwa amebakisha mwezi mmoja amalize.

*

Kabla ya kunyooshea wenye nyumba wa mbali kidole, nikumbushe kitu. Chuoni nilisoma na Mkongomani mmoja kutoka Goma aliyekuwa akinyoa watu chumbani kwake. Alikuwa fundi, hata wasimamizi wa hosteli walinyoa kwake. Hakuwahi kuweka bango, na mtu asiyemjua akigonga mlango, mashine iliingia chini ya mto. Nilidhani anaogopa chuo. Nilikuja kujua baadaye kwamba pasi ya mwanafunzi ya Kenya si kibali cha kazi. Mgeni anayesoma hapa akitaka kuajiriwa anahitaji kibali kingine, na kibali hicho hakitolewi kwa ajili ya kunyoa nywele. Sisi hatuna hata saa 20. Tunachofanya ni kufumba macho, na mtu anayeishi kwa kufumbiwa macho anajua yanaweza kufumbuliwa wakati wowote.

Kwa hiyo sidai kwamba kuna nchi yenye wema na nyingine yenye ubaya. Kila nchi ina haki ya kupanga kazi zake. Kinachoniuma ni kwamba mwenye nyumba anajua ratiba ya mfereji inaweza kubadilika, ajenti anajua, chuo kinajua. Anayebeba ndoo ndiye haambiwi. Anaambiwa bidii.

Binamu yangu alimaliza. Ana kibali chake cha wahitimu, cha miaka mitatu, na anafanya kazi katika makao ya wazee. Waliowasilisha ombi la masomo kuanzia Novemba 1, 2024, wakisoma diploma kama yake, sasa wanapewa kibali hicho tu kama kozi yao iko kwenye orodha ya fani zenye upungufu wa wafanyakazi. Yeye aliwahi. Anasema akianza kuweka akiba ataanza na deni la chama, halafu langu. Nilimwambia aanze na koti jipya. Mimi naandika, nachukua kazi za mtandaoni, na nusu ya deni bado iko palepale. Nimeacha kusema nitarudi chuo mwaka ujao. Nasema nitarudi.

Desemba iliyopita kulikuwa na tenti nyingine kwa shosho. Safari hii ni kijana wa jirani, miaka 19, anaenda kusoma. Anko akashika maikrofoni. Alipofika kwenye ile sentensi yake alinitafuta kwa macho katikati ya watu, akanyamaza kidogo, akasema tu, "Tumwombee safari njema."

Baadaye, watu wakiwa kwenye foleni ya chakula, kijana alinifuata. Alikuwa amesikia kwamba nimesoma haya mambo. Nilichukua daftari la michango, nikachana karatasi ya nyuma, nikamwandikia maswali manne ya kumpelekea ajenti wake kabla ya kulipa shilingi nyingine. Ni saa ngapi kwa wiki? Kanuni hiyo ilianza lini? Inaisha lini? Ikibadilika nikiwa njiani, karo yangu inarudishwa?

Aliisoma mara mbili. Akakunja karatasi, akaiweka ndani ya pasipoti.